Kubanwa kwa kitovu cha mtoto wakati wa kujifungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitovu kubanwa maana yake nini hasa?

Kamba ya kitovu ya mtoto aliyetimiza miezi ina urefu wa sentimita 50 hadi 60 hivi na unene wa sentimita 1 hadi 2. Ndani yake mna mishipa mitatu. Mmoja ni mpana, huleta damu yenye oksijeni kutoka kwenye kondo la nyuma. Miwili ni myembamba, hurudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika. Yote imezungukwa na ute mzito unaoizuia isiminywe, na kamba nzima inaelea kwenye maji ya uzazi.

Kubanwa ni pale kamba hiyo inapokandamizwa hadi damu ipungue au isimame. Anayeikandamiza mara nyingi ni mtoto mwenyewe kwa kichwa, bega au makalio yake, upande wa pili ukiwa ukuta wa kizazi au mfupa wa nyonga ya mama.

Mshipa mpana una kuta laini, kwa hiyo ndio unaozibika kwanza. Damu inayomfikia mtoto hupungua na moyo wake huongeza kasi kidogo. Mkazo ukizidi, ile miwili nayo huziba, shinikizo la damu ya mtoto hupanda ghafla, na moyo hujibu kwa kushusha mapigo. Uchungu ukiachia, damu hurudi na mapigo hupanda tena. Mapigo yanayoporomoka ndani ya sekunde chache kisha yakarudi upesi vilevile ndiyo sauti ya kitovu kinachobanwa, na mkunga mzoefu huitambua kwa sikio tu.

Hilo likitokea, mtoto ameshaumia?

Mara nyingi hapana. Kubanwa kwa muda mfupi wakati wa uchungu ni jambo la kawaida kabisa, na mtoto mwenye afya ana akiba ya kuvumilia. Kinachomchosha ni kubanwa kunakojirudia uchungu baada ya uchungu bila nafasi ya kupumua katikati, hadi damu yake ijae kaboni dioksaidi na asidi. Kinachoua haraka ni kubanwa kabisa bila kuachiwa. Hapo hesabu ni ya dakika, na ndiyo sababu ya majibu marefu utakayoyakuta huko chini kuhusu kitovu kinachotangulia.

Altrasaundi imeonyesha kitovu kimemzunguka mtoto shingoni. Nifanyiwe upasuaji?

Kwa sababu hiyo peke yake, hapana. Takriban mtoto mmoja kati ya wanne au watano huzaliwa akiwa na kitovu shingoni, na walio wengi hulia papo hapo. Mtoto aliye tumboni hapumui kwa koo, kwa hiyo hakuna "kunyongwa" kwa namna watu wanavyofikiri. Anapata oksijeni kupitia kamba yenyewe, na swali la maana ni kama damu inapita kwenye kamba au la. Mzunguko mmoja uliolegea hauzuii kitu. Mizunguko miwili au mitatu iliyokaza inaweza kuvutika mtoto anaposhuka, na hilo litaonekana kwenye mapigo ya moyo.

Isitoshe, mtoto hugeuka. Kilichoonekana wiki ya 30 huenda wiki ya 36 hakipo, na ambacho hakikuonekana kikawepo siku ya kujifungua. Tunaona kwamba kuandika "kitovu shingoni" kwa herufi kubwa kwenye ripoti, kisha kumpa mama karatasi bila maelezo, kunamtia hofu isiyomsaidia yeye wala mtoto.

Je, ni kweli nikianika nguo, nikivuka kamba au nikivaa mkufu kitovu kitamzunguka?

Hapana. Kitovu huzunguka kwa sababu mtoto anacheza na kamba ni ndefu. Anika nguo zako.

Na fundo kwenye kitovu?

Fundo la kweli hupatikana kwa kama mtoto 1 kati ya 100. Hufungika mapema, mtoto akiwa mdogo na maji mengi, kwa kupita katikati ya kitanzi cha kamba. Mengi hubaki yamelegea mpaka mwisho na hugunduliwa mkunga anapokagua kondo. Machache hukaza na kusababisha kifo tumboni, na hakuna kipimo cha kawaida cha kliniki kinachoweza kutabiri lipi litakaza. Kinachobaki mkononi mwa mama ni kufuatilia namna mtoto anavyocheza.

Basi hali ya kuogopa ni ipi?

Kitovu kutangulia. Chupa inapasuka, kamba inateremka kupita kichwa au makalio ya mtoto na kuingia ukeni, wakati mwingine hadi kuning'inia nje. Kila uchungu unapokuja, mtoto anaikandamiza kamba hiyo kwenye nyonga. Juu ya hayo, kamba ikipata baridi au ikishikwashikwa, mishipa yake hujikunja yenyewe na kupunguza damu hata bila kukandamizwa.

Hutokea kwa uzazi 1 hadi 6 kati ya 1000. Ni nadra, lakini kwa hospitali inayozalisha akina mama 500 kwa mwezi si jambo la kusimuliwa tu. Wodi ya namna hiyo italiona mara kadhaa kwa mwaka, na kila aliye zamu anapaswa kujua afanye nini bila kwenda kufungua kitabu.

Nani yuko kwenye hatari zaidi ya kitovu kutangulia?

Chochote kinachoacha nafasi kati ya mtoto na mlango wa uzazi kinaipa kamba njia ya kuteremka. Kichwa kilichoshuka vizuri hufunga njia hiyo. Mtoto aliyetanguliza mguu haifungi, na kwake hatari hufika karibu 15 kati ya 100. Aliyetanguliza makalio huku miguu imenyooka juu hufunga vizuri zaidi, hatari yake ikiwa chini ya 1 kati ya 100. Mtoto aliyelala kimlalo hafungi chochote.

Wengine ni mama mwenye maji mengi kupita kiasi, mtoto njiti, na mama wa uzao wa tano na kuendelea ambaye kichwa cha mtoto huchelewa kushuka. Kwa mapacha, anayehitaji kuangaliwa zaidi ni Doto: Kurwa akishatoka, Doto ana nafasi kubwa ya kugeuka na kulala vibaya.

Kuna kundi jingine ambalo wahudumu hawapendi kulizungumzia. Karibu nusu ya visa hutokea baada ya mhudumu kufanya jambo fulani, hasa kupasua chupa wakati kichwa bado kiko juu. Kabla ya kupasua, kichwa kipapaswe tumboni na kwa kidole kuhakikisha kimeshuka, na kidole kitafute kama kuna kitu kinachodunda mbele ya kichwa. Mapigo ya moyo yasikilizwe kabla na mara tu baada ya kupasua. Kupasua chupa ili tu kuharakisha zamu iishe ni kosa.

Chupa imepasuka nikiwa nyumbani. Nitajuaje kama kitovu kimetangulia?

Utahisi au kuona kitu laini, chenye kuteleza, cheupe kilichochanganyika na bluu, kama kamba iliyosokotwa. Kinaweza kuwa kinadunda. Wakati mwingine hakionekani kwa macho kwa sababu kimeishia ukeni. Kwa hiyo mama yeyote aliyeambiwa kliniki kwamba mtoto ametanguliza miguu, amelala kimlalo au maji ni mengi, chupa ikipasuka aende hospitali saa hiyohiyo hata kama hana uchungu.

Nimekiona. Nifanye nini hadi nifike hospitali?

Usisimame, usikae, usitembee. Piga magoti, weka kifua na shavu kwenye godoro au sakafu, makalio yawe juu kuliko kichwa. Mkao huo humvuta mtoto kuelekea kifuani kwako na kumwondoa kwenye nyonga. Baki hivyo mpaka usafiri ufike.

Wakati huohuo mtu mwingine apige simu. Tanzania kuna m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, namba 115, haulipiwi. Apige pia kituo unakoelekea na aseme wazi: "Kitovu kimetangulia." Maneno hayo mawili huwafanya waandae chumba cha upasuaji kabla hujafika, wakati "mama ana uchungu" hayamwamshi mtu wa ganzi.

Kamba isirudishwe ndani, isivutwe, isifungwe, isikatwe. Iliyo nje ifunikwe kwa kanga safi bila kuibana. Usisukume hata uchungu ukija. Pumua kwa pumzi fupi fupi kwa mdomo. Usile wala usinywe, kwa kuwa huenda ukapewa ganzi.

Kwenye gari, kupiga magoti njia nzima ni vigumu na ni hatari barabara ikiwa mbovu. Lala kiti cha nyuma kwa ubavu wa kushoto, weka mito au khanga zilizokunjwa chini ya nyonga ili makalio yawe juu. Bodaboda haifai kabisa: kukaa wima kunamweka mtoto juu ya kamba kwa uzito wake wote. Bajaji ni afadhali kidogo ikiwa hakuna kingine, mama akilala ubavu kiti cha nyuma na mwenzake akikaa chini kumshikilia.

Hospitalini watafanya nini?

Mkunga ataita msaada kwa sauti na hatabanduka kwa mama. Atavaa glavu, ataingiza vidole viwili na kusukuma kichwa cha mtoto juu, mbali na kamba, bila kuishika kamba yenyewe. Mkono huo unaweza kubaki humo hadi mtoto atolewe kwa upasuaji, na mama asishangae kuona mkunga anapandishwa naye kwenye kitanda cha magurudumu.

Pale ambapo upasuaji utachelewa au mama anahitaji rufaa, ipo njia nyingine ambayo vituo vingi vina vifaa vyake lakini haitumiki vya kutosha: kujaza kibofu. Mpira wa mkojo unaingizwa, mwisho wake unaunganishwa na mpira wa dripu, na maji ya chumvi ya dripu mililita 500 hadi 750 yanaingizwa kwenye kibofu, kisha mpira unabanwa. Kibofu kilichovimba kinanyanyua kichwa cha mtoto kama mkono unavyofanya, na kinafanya hivyo kwa saa nzima ya safari bila kuchoka. Kosa la kawaida ni kusahau kukifungua. Mpira uachiwe na kibofu kimwagwe kabla daktari hajakata au mama hajaanza kusukuma.

Dripu ya kuongeza uchungu, kama ilikuwepo, inasimamishwa mara moja. Dawa ya kupoza uchungu kama terbutalini mikrogramu 250 chini ya ngozi inaweza kutolewa. Kama njia haijafunguka yote na mtoto yu hai, upasuaji wa dharura unafanyika, lengo likiwa ndani ya dakika 30. Kama njia imefunguka sentimita 10 na kichwa kiko chini, kuzaa kwa njia ya kawaida, pengine kwa kifaa cha kuvuta, kunaweza kuwa haraka zaidi.

Mahali penye upasuaji wa haraka, watoto wengi hutoka hai na wakakua vizuri. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza, walifariki 91 kati ya 1000, na sehemu ya vifo hivyo ilitokana na unjiti au ulemavu wa kuzaliwa nao.

Maji ya uzazi yakiwa machache inakuwaje?

Kamba inakosa mahali pa kuelea na inaminywa kwa urahisi kila uchungu ukija. Maji huitwa machache pale dimbwi lenye kina zaidi ya mengine lisipofika sentimita 2. Sababu za kawaida ni chupa iliyovuja siku nyingi, shinikizo la damu la mama, mtoto asiyekua vizuri, na mimba iliyopitiliza. Kwa hiyo mimba inapokamilisha wiki 41, Shirika la Afya Duniani linashauri uchungu uanzishwe badala ya kuendelea kusubiri. Kunywa maji mengi si tiba ya mtoto ambaye kondo lake limechoka.

Mapigo ya moyo ya mtoto yanapaswa kusikilizwa mara ngapi?

Kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea, na kila dakika 5 mama anapoanza kusukuma. Kila mara kwa dakika nzima, kuanzia uchungu ukiwepo na kuendelea angalau sekunde 30 baada ya kuachia. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Mkunga ashike na mkono wa mama kwa wakati huo, asije akahesabu mapigo ya mama akidhani ni ya mtoto.

Kosa tunaloliona likirudiwa ni kusikiliza sekunde 15 katikati ya uchungu na uchungu, kuzidisha kwa 4 na kuandika 140 kwenye patografu, yaani karatasi ya kufuatilia uchungu. Kubanwa kwa kitovu hujionyesha wakati wa uchungu, kwa hiyo anayesikiliza wakati wa mapumziko tu ataandika 140 mpaka mtoto atoke amechoka.

Fitoskopu ya mbao, ile ya kusikilizia mapigo ya mtoto kwa sikio, inatosha ikitumiwa ipasavyo. Kifaa cha Moyo, kinachofungwa tumboni na kuendelea kusoma mapigo, kilifanyiwa utafiti katika hospitali za Tanzania ikiwemo Haydom, na husaidia pale mkunga mmoja anapohudumia akina mama watano. Mama au ndugu anaweza kuuliza kwa adabu: "Samahani sista, mapigo ya mtoto yakoje?" Si utovu wa nidhamu.

Mapigo yameshuka. Hatua ya kwanza ni ipi?

Kumgeuza mama. Akiwa chali alale kushoto. Isiposaidia, alale kulia au apige magoti. Mara nyingi kitovu huachiwa kwa hilo tu na mapigo yanarudi uchungu unaofuata. Dripu ya kuongeza uchungu isimamishwe. Mama apimwe kwa kidole kuhakikisha kitovu hakijatangulia na kuona njia imefikia wapi. Apimwe presha, ikiwa imeshuka, aongezewe maji ya dripu.

Kumvika mama barakoa ya oksijeni kumekuwa desturi, lakini hakumsaidii mtoto ikiwa mama mwenyewe hana upungufu wa oksijeni. Mpira wa bustani ukikanyagwa, kufungua bomba zaidi hakuleti maji. Toa mguu kwanza. Mapigo yakibaki chini ya 110 kwa dakika 3 licha ya hatua hizo, daktari awe ameshaitwa na uamuzi wa kumtoa mtoto uwe mezani.

Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zina shida gani?

Baadhi ya mitishamba hiyo inakaza kizazi kwelikweli, na hapo ndipo tatizo lilipo, kwa kuwa hakuna anayejua kipimo. Uchungu ukizidi mara 5 ndani ya dakika 10, kizazi hakilegei vya kutosha kati ya mkazo na mkazo, na mtoto hapati muda wa kurudisha damu. Mambo ni hayohayo kwa vidonge vya misoprostoli vinavyonunuliwa duka la dawa na kumezwa nyumbani: kidonge kimoja huwa na mikrogramu 200, wakati dozi ya kuanzishia uchungu hospitalini ni 25. Kama umekwisha kunywa chochote, mwambie mkunga. Hatakufukuza, na kama atakugombeza, bado ni afadhali ajue kabla hajakutundikia dripu.

Mtoto kucheza kidogo ni dalili?

Inaweza kuwa. Kuanzia wiki ya 28 utakuwa umeshamjua mwanao: wapo wanaocheza usiku, wapo wanaocheza ukishakula. Akipunguza ghafla, lala kwa ubavu wa kushoto mahali tulivu na umhesabu. Kipimo kinachotumika sana ni michezo 10 ndani ya saa 2. Asipofikisha, nenda kituoni siku hiyohiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki, na usikubali kuambiwa kwamba watoto hupunguza kucheza wakikaribia kuzaliwa. Aina ya mchezo hubadilika kwa sababu nafasi ni finyu, lakini mtoto mzima haachi kucheza.

Kichwa kimetoka na kitovu kimezunguka shingo. Mkunga afanye nini?

Apitishe kidole na akipitishe kitovu juu ya kichwa kama mkufu unaovuliwa. Kikikataa, akiteremshe mabegani mtoto apitie ndani yake. Kikiwa kimekaza, kichwa cha mtoto kinashikiliwa karibu na paja la mama ili mwili upinduke na kutoka, kisha kitovu kinafunguliwa. Kukibana na kukikata kabla ya mabega kutoka kuwe hatua ya mwisho kabisa. Mabega yakikwama baada ya hapo, mtoto hana tena njia yoyote ya kupata oksijeni.

Mtoto akizaliwa amechoka?

Dakika ya kwanza ndiyo ya kazi. Akaushwe kwa kitambaa kikavu, asuguliwe mgongo, njia ya hewa isafishwe kama imeziba. Asipopumua, apewe pumzi kwa mfuko na barakoa kabla dakika hiyo haijaisha, pumzi kama 40 kwa dakika, kifua kikionekana kinapanda. Kumning'iniza miguu juu, kumpiga makofi au kummwagia maji baridi kunapoteza sekunde na kumpoza mwili.

Mafunzo ya namna hii yalipotolewa katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hayakuhitaji mashine ya bei kubwa.

Wazazi wengine husoma mtandaoni kuhusu kumpoza mtoto kwa saa 72 ili kuokoa ubongo na kuuliza kwa nini hospitali yao haifanyi. Tiba hiyo husaidia katika vyumba maalumu vya nchi tajiri. Ilipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha haikuzuia ulemavu na vifo viliongezeka. Kwa sasa, anachohitaji mtoto ni joto la kawaida la mwili, sukari isishuke, degedege itibiwe na aangaliwe asiache kupumua.

Atapata mtindio wa ubongo?

Kuchelewa kulia pekee hakutoshi kusema hivyo. Saa 72 za kwanza zinaeleza zaidi: mtoto aliyeamka, ananyonya na hana degedege ana matumaini makubwa. Aliyelegea, asiyenyonya au aliyepata degedege anahitaji kufuatiliwa. Mpeleke kliniki ukiona kichwa hakikazi afikapo miezi 4, anakunja ngumi moja muda wote, anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka, au hakai mwenyewe kwa miezi 9. Mazoezi ya viungo yakianza mapema yana faida kubwa kuliko yakianza mtoto ana miaka 3 na viungo vimeshakakamaa.

Mimba ijayo itakuwa hivyohivyo?

Kitovu kutangulia, kuzunguka shingo au kupiga fundo si mambo ya kurithi wala ya kujirudia kwa kawaida. Omba hospitali ikuandikie kwenye kadi kilichotokea, wiki ya mimba, mtoto alikuwa amelalaje na upasuaji ulikuwa wa aina gani. Kadi hiyo ipeleke kliniki mapema kwenye mimba inayofuata, na mlalo wa mtoto uangaliwe kuanzia wiki ya 36.